Abiria Evanson Mugo na Kiti Chake

Jumatatu, 2 Agosti 1993

Wamefika! Asante Mungu. Gathoni, mke wa mwanangu Karanja, ameshuka kwenye basi la Nairobi mchana huu, hapa hapa mbele ya hoteli yangu. Mtoto mgongoni, mifuko mikononi. Halafu utingo akapanda juu ya basi na kuteremsha kiti. Kiti kizima! Akaniuliza kama siku hizi wateja wa Mtito Andei huja na viti vyao.

Mtoto anaitwa Evanson Mugo. Ni mimi. Yaani ni mjukuu wangu, lakini kwa desturi yetu mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, kwa hiyo ni mimi. Bado sijazoea furaha yake. Mke wangu Kagure, kwa desturi hiyo hiyo, anamwita "mume wangu". Leo mume wake kapewa ndizi mbivu na kupapaswa kichwa. Mimi nimepewa chai na kuambiwa nisimame pembeni, namzibia mume mwanga.

Kiti chenyewe ni cha plastiki ngumu, kina kitambaa cha buluu na mishipi ya kupita mabegani. Gathoni anasema Uingereza mtoto hapandi gari bila kiti hicho. Hata kwenye ndege alikaa ndani yake, kiti juu ya kiti. Karanja aliiogopa ile safari ndefu, akamlipia mwanawe nafasi yake kamili kama mtu mzima.

Othman wa hoteli ya jirani akaja kukikagua. Othman alipanda ndege mara moja kwenda Makka, na tangu hapo hakuna jambo la angani asilolijua. Akasema ndegeni unapewa kitambaa cha moto ujifute uso. Nikamwambia hata mimi huwapa wateja maji ya moto ya kunawa. Akarudi hotelini kwake. Nashukuru kwa ushindi huo, maana pilau yake imenichukulia madereva wote wa lori.

Karanja hakuja. Kazi hazimwachi. Ni miaka sasa sijamwona uso. Namsikia tu kwa simu ya Othman, sauti kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Nilijua hatashuka kwenye lile basi. Nikautazama mlango hata hivyo, mpaka likaondoka.

Jumatano, 4 Agosti

Gathoni kanipa tikiti na pasipoti nizifungie kwenye sanduku la bati, kwa sababu mtoto anatafuna karatasi. Nashukuru kwa kuaminiwa. Mtu mwingine angefunga kufuli na kwenda zake. Mimi nilisoma kwanza.

Tikiti ya pili: MUGO EVANSON. Nairobi hadi London. Jumamosi, 14 Agosti.

Nikakaa chini.

Nikafungua pasipoti ya Gathoni, ukurasa wa watoto. Evanson Mugo, wa kiume. Hakuna picha! Mwaka wa kuzaliwa umekaa vibaya kidogo, lakini serikali hukosea miaka kila siku. Kitambulisho changu kinasema nilizaliwa Januari mosi, na nusu ya wazee wa soko hili eti walizaliwa siku hiyo hiyo.

Basi nauli yangu, ambayo sikuwahi kuwa nayo wala sitakuwa nayo, imekwisha kulipwa. Na aliyeilipa ni Karanja mwenyewe, bila kujua. Anafanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha mikate kule, anakanda unga usiku wa manane. Ningemsimamia pale mlangoni akitoka kazini, nimwambie, kijana, umekula?

Kikwazo ni kimoja tu. Kile kiti. Kikikaa kwenye nafasi, mtoto atakaa ndani yake na mimi nitabaki uwanjani Embakasi nikipunga mkono. Kisipokuwepo, mtoto atapakatwa na mama yake kama watoto wote duniani, na nafasi ya Evanson Mugo itabaki wazi. Sasa nani ataikalia kama si Evanson Mugo?

Sitamwambia Gathoni mapema. Ni msichana mwema, atakosa usingizi bure.

Ijumaa, 6 Agosti

Kwanza nilijaribu hekima. Nikamweleza Gathoni kuwa Karanja alilelewa mgongoni, akafika Kathonzweni na kurudi akiwa mgongoni, na hakupungukiwa na kitu. Akanisikiliza kwa adabu sana. Kisha akasema, "Guka, ni Karanja alisema asiketi mahali pengine." Anasema guka, babu, kwa niaba ya mtoto. Inaniyeyusha kabisa.

Kwa hiyo leo, walipokwenda kuteka maji, nimekiweka kiti kwenye banda la kuku nyuma ya jiko, nikakifunika kwa gunia. Hakuna mtu huingia mle isipokuwa kuku. Mpango safi. Nimekula vizuri.

Jumapili, 8 Agosti

Siku ngumu. Gathoni alitafuta kiti kila mahali, mpaka chini ya kitanda chetu, akarudi macho mekundu. Nikamsaidia kutafuta. Nilitafuta kwa bidii mahali ambapo hakikuwepo.

Kanisani Kagure alisimama wakati wa maombi akaliombea lile jizi. Aliomba mikono yake ivimbe hadi isiweze kushika kijiko. Kanisa zima likasema amina, nami nikasema, maana nimekaa safu ya mbele na mchungaji ananitazama. Jioni Othman akaja kutupa pole. Amemweleza imamu wao, nao msikitini wameomba vilevile. Fikiria! Wakristo na Waislamu wa Mtito Andei wote kwa pamoja. Nilishukuru moyoni kwamba jamaa yangu inapendwa hivi. Halafu nikaanza kuitazama mikono yangu.

Jumanne, 10 Agosti

Kimepatikana. Kagure aliingia bandani kutafuta kuku wa kumchinjia mgeni, akasikia kuku mmoja, koo, akilalamika chini ya gunia. Alikuwa ameatamia! Amejijengea katikati ya kile kitambaa cha buluu, mayai chini yake, mishipi pembeni kama abiria aliyelipa.

Kagure alikuja nacho mpaka mezani kwangu, mbele ya wateja. Akauliza, "Baba Karanja, hii kiti ilitembea yenyewe ikaenda kwa kuku?"

Nikasema bila shaka mwizi aliogopa maombi akakitupa. Yeye akachambua manyoya kwenye kitambaa. Kisha akaenda kukifua. Koo kahamishiwa kwenye karai pamoja na mayai yake, na amekubali, nashukuru, maana ningekosa vifaranga pia. Chai ya jioni haikuwa na sukari. Sikuuliza.

Mikono haijavimba.

Jumatano, 11 Agosti

Nimekwenda posta kupiga simu kwa kampuni ya ndege. Si kwa Othman, ana masikio. Nikaongea kwa sauti ya mtu mkubwa. Nikauliza kama Bwana Evanson Mugo ana nafasi Jumamosi.

Yule dada akasema Bwana Mugo anayo, imethibitishwa.

Nikamwomba alirudie neno hilo. Hakuna aliyewahi kunithibitisha mahali popote, hata kwenye kamati ya maji. Lakini akaendelea. Akasema ameona ni mtoto mchanga mwenye kiti, basi wazazi wahakikishe kiti kina kile kibandiko kinachosema kimeruhusiwa kutumika ndegeni. Wakaguzi wanakitafuta. Kisipokuwepo, kiti hupelekwa chini na mizigo na mtoto hupakatwa.

Nikamshukuru mpaka akacheka. Dada mwema. Kanipa kazi yote bila kujua.

Alhamisi, 12 Agosti

Kibandiko kiko ubavuni mwa kiti, cheupe, maandishi mekundu. Nilikitoa kwa kisu cha kukatia nyanya, polepole, kama mtu anayemenya yai la mgonjwa. Kilitoka kizima!

Sasa nikiweke wapi? Kukitupa ni dhambi. Mwishowe nimekibandika ndani ya koti langu la suti, upande wa moyo. Kimeruhusiwa kutumika ndegeni. Sasa aliyeruhusiwa ni mimi.

Nimefunga mzigo: suruali, mswaki, viazi vitamu vya Karanja, alivyovipenda tangu utotoni. Sweta zote mbili nitazivaa, maana kule ni baridi. Othman amekubali kutupeleka uwanjani kwa Peugeot yake, na hataki hata mafuta. Mtu akikutendea hivyo inakuwa vigumu kumchukia vizuri. Akaniuliza kwa nini mtu anayekwenda kupunga mkono anabeba mswaki. Nikamwambia sisi wa bara tunapenda usafi.

Kagure amelipiga koti langu pasi. Limependeza.

Jumamosi, 14 Agosti. Sultan Hamud

Tumesimama kidogo. Othman anaswali, Kagure anamwosha mtoto mikono. Naandika juu ya goti.

Asubuhi mshipi wa kiti cha nyuma cha Peugeot ulikataa kufunga. Othman akasema tukiache kile kiti kwenye buti, mtoto apakatwe, ni mwendo wa saa chache tu. Ningekubali! Lilikuwa wazo langu hasa. Lakini nilikuwa dereva wa lori miaka mingi, na siwezi kuona mzigo haujafungwa. Mkono ulitangulia akili. Nikachukua kamba ya magunia, nikaipitisha nyuma ya kiti cha gari na chini yake, nikakaza kwa lile fundo letu la kufungia mahindi ya Mombasa. Nikakitikisa. Gari lilitikisika, kiti hakikutikisika.

Tulipopita Emali, punda wa maji akaingia barabarani. Madumu kila upande, hana haraka. Othman akakanyaga breki. Gari likaserereka mpaka kwenye vumbi, likageuka, likasimama likitazama tulikotoka. Mimi nimepigwa paji la uso na kisogo cha Othman. Ndizi zilizokuwa mapajani mwa Kagure ziliruka mpaka kwenye kioo cha mbele. Gathoni aligeuka akipiga kelele jina la mtoto, ambalo ni langu.

Mtoto alikuwa pale pale. Mishipi mabegani, kamba imekaza. Kiti hakikusogea hata upana wa kidole. Akatutazama sisi watu wazima tuliotapakaa, akacheka.

Angekuwa mapajani mwa mtu, angekwenda pamoja na ndizi.

Othman alishuka akakaa kwenye nyasi. Kagure akaomba kwa sauti, safari hii bila kumtaja mwizi. Mimi nilishindwa kuomba. Nilimshika mtoto mguu tu, mguu mdogo wenye joto, mpaka tukaondoka.

Asante Mungu. Asante Mungu. Sina neno jingine.

Jumamosi hiyo hiyo. Kwenye gari, tukirudi

Niandike kabla sijaanza kulipamba.

Askari wa mlangoni aliruhusu mtu mmoja amsaidie mama mizigo mpaka kaunta. Nikaingia na kiti begani, na sweta zangu mbili, jasho likinitiririka. Kagure na Othman walibaki nje. Kulikuwa na taa nyingi na sakafu ya kujiona uso. Kwenye kaunta alikuwapo binti mmoja aliyeandikwa Ndinda kifuani. Akatusalimu vizuri. Akachukua tikiti, akasoma jina langu kwa sauti, nami nikakaribia kuitika.

Kisha akakigeuza kiti. Akakigeuza tena. Akasema, "Mama, hii kiti haina stika. Bila stika itaenda chini na mizigo, na mtoto utambeba."

Gathoni akasema stika ilikuwepo, walikuja nayo. Akainama kuitafuta, akapapasa plastiki yote. Mahali ilipokuwa palikuwa pamebaki peupe, safi, pembe nne. Akaanza kulia bila sauti. Alisema tu kwamba Karanja alifanya kazi za ziada mwaka mzima kwa ajili ya ile nafasi.

Na hapo ndipo mpango wangu wote ulipokuwa umefika! Kila kitu kilikuwa kimetimia. Kiti kinakwenda chini, nafasi inabaki, jina ni langu. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni, nimeyafanyia mazoezi chooni tangu Jumatano. Mtoto alikuwa begani kwa mama yake, ananitazama. Nikaona ndizi zikiruka.

Nikafungua koti.

Kilitoka na nyuzi za bitana. Nikakiweka juu ya kaunta. Ndinda akakiangalia kibandiko, akaliangalia koti, akauliza, "Mzee, hii stika ilifika aje hapo ndani?"

Nikamwambia nilikuwa naitunza isichafuke. Alimwita mkubwa wake. Mkubwa akakiweka kibandiko kwenye ile sehemu nyeupe, kikaingia sawasawa, pembe kwa pembe, akasoma namba zake na namba zilizochorwa kwenye plastiki, akatikisa kichwa kukubali. Akaleta utepe wa gundi. Wakatoa kipande cha karatasi ya kupandia, wakamwandikia mtoto kiti cha dirishani. Nawashukuru wote wawili. Wangeweza kuniita askari.

Gathoni alikuwa ameacha kulia. Alinitazama kuanzia sweta mpaka mfuko wa viazi. Si mjinga yule msichana, Karanja alichagua vizuri. Nikampa viazi. Nikasema tu, "Mpelekee. Mwambie baba yake yuko."

Akasema, "Guka, nitamwambia yote."

Hilo ndilo lililonitisha.

Nje nilimweleza Kagure, sehemu kubwa. Hakushangaa. Kumbe alikiona kibandiko Alhamisi alipokuwa akilipiga koti pasi, akapitisha pasi pembeni kisiungue. Nikamwuliza kwa nini hakusema neno.

"Nilitaka kuona kama utaitoa mwenyewe," akasema.

Akanishika mkono. Mbele ya Othman! Hajafanya hivyo tangu tulipofungua hoteli. Kila ndege ilipopaa tulisimama tukaipungia, hatukujua yao ni ipi.

Jumatatu, 16 Agosti

Sukari imerudi kwenye chai. Nyumba ni kimya mno. Kagure amekosa mume, amebaki na mimi.

Othman ameisikia habari yote, bila shaka kutoka kwa Kagure. Nilingoja anicheke mbele ya madereva. Badala yake aliniletea sahani ya pilau, akakaa, akaniambia kwamba alipokwenda Makka alilia njia nzima kwa woga na hakukigusa kile kitambaa cha moto. Hajamwambia mtu mwingine. Nashukuru kwa siri hiyo. Nitaitumia vizuri siku moja.

Nimeamua kuacha mipango. Mzee wa umri wangu anatakiwa kukaa na kushukuru. Naandika hapa ili nikisahau nisome.

Alhamisi, 19 Agosti

Simu! Othman alipiga kelele kutoka dirishani mwake nikakimbia na mwiko mkononi. Karanja. Nilijikaza kupokea matusi, maana Gathoni aliahidi kusema yote.

Alikuwa anacheka. Alicheka hata nikaogopa dakika zitaisha. Amekula viazi. Alisema mtoto alilala ndani ya kiti chake kutoka Nairobi mpaka Uingereza bila kuamka. Halafu sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya zamani, ya mtoto anayeita mlangoni.

"Baba, usitafute njia tena. Nimeomba ruhusa kazini. Desemba nakuja mimi."

 Nilimpa Kagure simu, naye akampa Othman. Othman ndiye aliyezungumza na mwanangu mpaka mwisho, akamweleza hali ya mvua, huku sisi wawili tukilia jikoni kwake juu ya magunia ya mchele. Namshukuru Mungu. Namshukuru Othman, nitamwambia siku yoyote. Namshukuru hata yule punda.

Nimekaa sasa nikifikiri kwa utulivu, na jambo moja liko wazi. Mpango wangu ulifanya kazi. Nisingekitoa kile kibandiko, Gathoni asingekuwa na la kumwambia, na Karanja asingekuja. Watu husema nina bahati mbaya. Sivyo. Ninachelewa tu kufika.

Sasa kuna tatizo la Januari, atakapotaka kurudi. Ruhusa ni ya mwezi mmoja, haitoshi kitu. Nimezungumza na Othman kidogo kuhusu Peugeot, kama inaweza kuharibika siku hiyo, pale Emali kwa mfano, pana kivuli. Alikataa. Nikamkumbusha Makka na kile kitambaa cha moto.

Amesema itaharibika.